Bolti, Washa na Ribiti: Kufunga Bodi ya Faiba kwa Gharama Nafuu

Matini ya mazungumzo na wamiliki wa daladala, magari ya wanafunzi na magari binafsi, Dar es Salaam



Mada yetu ni bolti na jamaa zake, na najua wamo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini watetezi wa mlaji wawakusanye watu asubuhi nzima kuzungumzia kitu kinachouzwa kwa kuhesabiwa kiganjani. Nitawajibu kwa hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Bampa la faiba likichomoka na kuanguka barabarani, dereva wa bodaboda aliye mita 20 nyuma ana muda usiotimia sekunde moja wa kuliona, kuamua na kulikwepa. Bampa lenyewe lilimgharimu mwenye gari fedha nyingi, na rangi yake pengine ilimgharimu zaidi. Kilicholiangusha, aghalabu, ni kukosekana kwa washa ambayo bei yake haifiki bei ya kikombe cha chai.

Kwa hiyo tunazungumzia usalama wa watu wengine kwanza, kisha mfuko wako. Bahati njema ni kwamba katika jambo hili hayo mawili hayagombani. Vifungio vinavyofaa kwa faiba si vile vya bei ya juu kabisa dukani, na leo nitawaeleza hata mahali ambapo mnalipia ubora msiouhitaji.

Kwanza tuijue faiba yenyewe. Magari mengi tuliyo nayo yalitoka kiwandani yakiwa na bodi ya bati na mabampa ya plastiki inayonyumbuka. Vipande hivyo vinapovunjika, au vinapokosekana madukani, fundi hututengenezea vingine kwa faiba: bampa, fenda, boneti, mabawa ya chini ya mlango, kofia ya juu ya kioo. Mabasi yanayoundiwa bodi katika karakana za Afrika Mashariki nayo aghalabu huwa na uso wa mbele na mgongo wa nyuma wa faiba. Ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoloweshwa katika resini, resini ikakauka na kuwa ngumu. Nyuzi hubeba mzigo, resini huzishika zisitawanyike. Ukiivuta faiba kwa mapana yake inavumilia sana. Ukiibana au kuisukuma mahali padogo, hasa kwenye ukingo wa tundu, haivumilii.

Hapo ndipo inapotofautiana na bati, na hapo ndipo mafundi waliozoea bati hujikwaa. Bati likibanwa kupita kiasi hubonyea, likabaki limebonyea, na gari likaendelea na safari. Faiba haina adabu hiyo. Resini iliyo chini ya kichwa cha bolti husagika, nyuzi zikaachana, na siku chache baadaye unaona nyufa nyembamba kama unywele zikichomoza kutoka tunduni mithili ya miale ya jua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika faiba ufa hupitisha maji, maji huingia baina ya nyuzi, tundu hupanuka, bampa huanza kucheza, na kila shimo la barabarani linaongeza kazi iliyokwisha kuanza.

Lipo jambo la pili lisiloonekana kwa macho. Faiba hutanuka kwa joto kuliko chuma. Kipande cha faiba cha mita mbili, joto lake likiongezeka kwa nyuzi 40 za Selsiasi, hurefuka kwa takriban milimita mbili. Fremu ya chuma iliyo nyuma yake hurefuka kwa takriban milimita moja tu. Gari la rangi nyeusi lililoegeshwa juani saa saba mchana hupata ongezeko hilo la joto bila shida yoyote. Basi ile milimita moja ya tofauti lazima ipate pa kwenda. Ikiwa matundu yametobolewa sawasawa na unene wa bolti na kila bolti imekazwa hadi mwisho, itakwenda kwenye ukingo wa tundu, nasi tumekwisha kusema ukingo huo haupendi kusukumwa.

La tatu ni mtikisiko, pamoja na tabia ya resini kulegea polepole inapobanwa kwa muda mrefu. Bolti uliyoikaza vizuri leo itakuwa imepoteza sehemu ya mkazo wake baada ya wiki kadhaa, hata kama nati haijazunguka hata kidogo.

Karibu ushauri wangu wote uliobaki unatokana na mambo hayo matatu. Nianze na washa, kwa sababu ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote.

Washa ya kawaida ya bolti ya milimita 6 ina upana wa milimita 12. Ukiondoa tundu la katikati, eneo linalobana ni kama milimita za mraba 80. Chukua sasa washa pana, ile inayouzwa kwa ajili ya madigadi, yenye upana wa milimita 25: eneo lake ni kama milimita za mraba 460. Kwa nguvu ileile ya spana, shinikizo juu ya faiba limepungua zaidi ya mara tano. Hakuna bolti ya bei yoyote, ya nchi yoyote, itakayokupa faida hiyo. Nikilazimika kumwacha msikilizaji wangu aondoke na kitu kimoja tu, ningemwacha aondoke na washa pana mfukoni.

Angalieni unene wake pia. Washa pana iliyo nyembamba kama kifuniko cha kopo itajikunja kama sahani mara tu nati inapokazwa, nayo itabana katikati peke yake, yaani utakuwa umelipia upana usiotumika. Tafuteni yenye unene wa kama milimita moja na nusu. Ishikeni kwa vidole viwili mjaribu kuikunja. Ikikunjika kwa vidole, iacheni dukani. Tena washa hizo zinatakiwa pande zote ambako faiba inaguswa. Kama faiba imekaa juu ya fremu ya chuma, upande wa fremu unatosha washa ya kawaida. Kama ni faiba juu ya faiba, ziwe pana pande zote mbili.

Kati ya washa ya chuma na uso wenye rangi, weka washa nyembamba ya mpira. Si lazima uinunue. Tyubu kuukuu ya baiskeli, mkasi na dakika kumi vinakupatia washa za mpira za gari zima. Mpira huo hulinda rangi, huzuia maji na kuipa faiba nafasi ya kupumua inapotanuka. Usiwe mnene, maana mpira mnene hautakubali bolti ishike, na bampa litabaki linanesanesa.

Sasa bolti. Kwa vipande vingi vya bodi, bolti ya milimita 6 inatosha, na ya milimita 8 hutumika pale panapobeba uzito, kama mikono inayoshika bampa kwenye fremu. Juu ya kichwa cha bolti mtaona tarakimu. Bolti iliyoandikwa 8.8 inastahimili mvuto wa megapaskali 800 kabla ya kukatika, nayo huanza kunyooka moja kwa moja ifikapo asilimia 80 ya mvuto huo. Iliyoandikwa 4.8 inastahimili nusu yake. Ipo na 10.9, ambayo muuzaji atakuonesha kwa fahari. Ni imara kweli, sibishi. Lakini faiba itakuwa imepasuka zamani kabla hata bolti ya 4.8 haijaanza kuhisi chochote, kwa hiyo kumlipa mtu kwa ajili ya 10.9 kwenye bampa la faiba ni kununua kufuli la benki kwa ajili ya pazia. Hapa mnaweza kuokoa fedha kwa amani kabisa, mkazipeleka kwenye washa.

Ni lazima niweke mpaka, nisije nikaeleweka vibaya. Kiti, mkanda wa usalama, ndoano ya kuvutia gari na kibao cha kukanyagia abiria havifungwi kwenye faiba peke yake hata siku moja, wala bolti zake si za kubanwa bei. Hivyo hufungwa kwenye chesi au kwenye fremu ya chuma, kwa bolti za daraja alilotumia mtengenezaji wa gari. Mmiliki wa gari la wanafunzi akiona kiti kimeshikiliwa na sakafu ya faiba, asilitoe gari siku hiyo.

Umbo la kichwa nalo lina maana yake. Bolti au skrubu yenye kichwa cha koni, kile kinachozama mpaka kikawa sawa na uso, hupendeza macho; lakini umbo la koni hufanya kazi ya kabari, na kabari kazi yake ni kupasua. Chagueni kichwa bapa kwa chini, cha pembe sita au cha duara. Kama uzuri wa nje unawasumbua, vipo vifuniko vidogo vya plastiki vya kufunika vichwa, tena bei yake ni ndogo.

Nati iwe ile yenye pete ya nailoni ndani yake. Pete hiyo huzishika hesi za bolti, nati isizunguke hata mkazo ukipungua. Washa ya springi, iliyopendwa sana na mafundi wetu, haisaidii sana hapa: meno yake hula faiba, na inapokutana na faiba inayolegea polepole haina nguvu ya kufidia kilichopotea. Nati ya nailoni nayo hupoteza ukali wake kila inapofunguliwa. Ikifika mahali inazunguka kwa vidole bila kukinza, kazi yake imekwisha, nunua nyingine.

Nije kwenye skrubu za kujichimbia, ambazo nadhani ndizo zinazoharibu mabampa mengi kuliko ajali. Zinapendwa kwa sababu ni rahisi, hazihitaji nati, na fundi hahitaji kuingiza mkono nyuma ya bampa. Skrubu hiyo hujikatia hesi zake katika resini, na resini ni kitu kinachomomonyoka. Mara ya kwanza hushika vizuri. Bampa likifunguliwa kubadili taa ya ukungu, likirudishwa, hushika nusu. Mara ya tatu inazunguka bure, na fundi hutafuta skrubu nene zaidi. Ile nene nayo hupata hatima ileile, na safari hii tundu ni kubwa na nyufa zimeanza. Mwishowe huja waya wa kufungia, na mnaifahamu sura ya daladala iliyofungwa bampa kwa waya. Mwenye gari anaamini bampa lake lilikuwa bovu. Huenda lilikuwa zuri, likauawa na skrubu nne.

Pale ambapo nyuma ya faiba hapafikiki kabisa kwa mkono, dawa ni nati ya ribiti iliyowekwa kwenye chuma cha fremu, halafu bolti ikapita katika tundu pana la faiba na kuingia humo. Nati hiyo isiwekwe ndani ya faiba nyembamba, maana hutanuka inapokazwa na kupasua ilipo.

Ribiti za kuvutwa kwa koleo ni za bei nafuu na zina mahali pake. Zinafaa kwa kipande kisichotarajiwa kufunguliwa, kilichoungwa na bati au alumini. Chagueni za alumini, kwa kuwa ni laini na hazisukumi ukingo wa tundu kwa ukatili kama za chuma, na chagueni zenye kichwa kipana: ribiti ya milimita 4.8 hupatikana yenye kichwa cha milimita 14 au 16, badala ya kile cha kawaida kisichofika 10. Kichwa kikae upande wa faiba, mkia ufumuke upande wa bati. Kama hakuna njia ila mkia ufumukie kwenye faiba, uwekewe washa kwanza. Tundu la ribiti hiyo litobolewe kwa kekee ya milimita 5. Bampa lisifungwe kwa ribiti, kwa sababu bampa ni kitu cha kufunguliwa, na kila ribiti inayotobolewa kuondolewa huacha tundu kubwa kuliko ilivyolikuta.

Klipu za plastiki ni za mapambo na za kinga ya ndani ya madigadi, basi. Gundi ya poliurethani, ileile ya kushikia vioo vya mbele, hushika faiba vizuri sana na husambaza mzigo bila tundu hata moja. Tatizo lake ni kwamba kesho ukitaka kukifungua kipande utahitaji kisu na subira.

Sasa tuzungumzie kutu, na hapa naomba usikivu wenu, kwa kuwa ndipo walaji wanapodanganywa.

Faiba yenyewe haishiki kutu, na hilo huwafanya watu wasahau kwamba bolti zake zinashika. Sisi tunaoishi kando ya bahari tunaendesha magari katika hewa yenye chumvi. Bolti iliyopakwa zinki kwa umeme, ile ya kawaida inayong'aa, ina ganda la zinki la maikromita chache tu. Sehemu kavu za ndani inadumu vya kutosha, chini ya bampa linalopigwa na maji ya barabarani haidumu. Iliyochovywa katika zinki ya moto ina ganda nene zaidi kwa mbali, lakini inunuliwe pamoja na nati yake, kwa kuwa hesi zake zimenenepa na nati ya kawaida haiingii. Rangi ya manjano mnayoiona kwenye baadhi ya bolti ni matibabu ya juu ya zinki. Si dhahabu, wala si ushahidi wa ubora, ingawa nimesikia ikiuzwa kwa maneno yanayokaribia hivyo.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho madukani huitwa stenlesi, kina madaraja mawili yanayotuhusu. A2 ni ya matumizi ya kawaida. A4 imeongezewa molibdenamu na huvumilia chumvi vizuri zaidi. Huku pwani A2 iliyo nje huanza kupata madoa ya kahawia. Si hatari, ila doa hilo hutiririka kwenye rangi nyeupe na kuichafua. Anayeishi Dodoma, na gari lake halijui bahari, hana sababu ya kulipia A4.

Hata hapa Dar es Salaam si lazima gari zima livae stenlesi. Tuchukue bampa lenye sehemu nane za kufungia. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba seti moja ya zinki, yaani bolti, washa mbili pana na nati ya nailoni, ni shilingi 600, na seti ya A4 ni shilingi 2,000. Nane za zinki ni shilingi 4,800. Nane za A4 ni shilingi 16,000. Tofauti ni shilingi 11,200. Kama sehemu nne za juu ziko pakavu na nne za chini ziko penye maji, wekeni A4 chini na zinki juu, jumla iwe shilingi 10,400. Badilisheni bei kwa zile mlizokuta dukani. Mpango wa hesabu haubadiliki. Kisha linganisheni na gharama ya kulipaka bampa rangi upya.

Udanganyifu uko wapi? Uko katika bolti ya chuma cha kawaida iliyopakwa kromu au nikeli, ikauzwa kwa jina la stenlesi na kwa bei ya stenlesi. Kwa macho zinafanana. Kwa viwango vya kimataifa, bolti yenye kichwa cha pembe sita kuanzia unene wa milimita 5 inatakiwa kuwa na alama ya daraja lake pamoja na alama ya mtengenezaji juu ya kichwa. Stenlesi ya kweli itaandikwa A2-70 au A4-70, au tarakimu nyingine ya aina hiyo. Kichwa kitupu kisicho na neno lolote hakistahili bei ya stenlesi, hata muuzaji akiapa. Sumaku nayo husaidia: chuma cha kawaida hunasa kwa nguvu, A2 na A4 hazinasi au hunasa kidogo mno. Nasema kidogo mno kwa sababu utengenezaji wa bolti kwa kuifinyanga ikiwa baridi huiachia stenlesi usumaku hafifu, kwa hiyo msimwite mtu mwizi kwa sababu sumaku imetikisika. Ikinasa mpaka mnaivuta kwa nguvu, hapo ulizeni maswali.

Onyo moja kuhusu stenlesi: hesi zake zikikazwa haraka zikiwa kavu hung'ang'aniana, na nati ikagoma kwenda mbele wala kurudi. Tone la grisi kabla ya kukaza huepusha usumbufu huo. Vilevile, stenlesi ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Tenganisheni kwa washa ya mpira au ya nailoni.

Mkiwa dukani, semeni mnachotaka kwa unene wa bolti na urefu wake katika milimita. Mafundi wengi huitaja bolti kwa namba ya spana inayoifungua, na hapo pana mtego: bolti ya spana namba 10 ni bolti ya milimita 6. Ukimwambia muuzaji “nipe bolti namba kumi” naye akakupa ya milimita 10, hakukudanganya, hamkuelewana tu. Mtego mwingine ni bolti za inchi. Ya robo inchi ina unene wa milimita 6.35 na hesi za mpangilio mwingine. Nati ya milimita 6 haitaingia vizuri, na ikilazimishwa huharibu zote mbili. Njia salama ni kubeba bolti ya zamani na kuijaribu nati papo hapo kwa vidole.

Kwa upande wa fundi, ombeni makadirio ya maandishi ambamo gharama ya vifungio imeandikwa peke yake, pamoja na aina na idadi yake. Neno “kufunga bampa” lililoandikwa na bei moja ya jumla linaficha skrubu nne za kujichimbia kwa urahisi sana. Fundi mwaminifu hatachukia. Wengi hutumia skrubu kwa sababu mteja mwenyewe alikataa kulipia kingine. Mna hiari pia ya kununua vifungio wenyewe na kumpelekea.

Juu ya ufungaji nitakuwa mfupi, ila mambo machache mnatakiwa myaone kwa macho yenu kabla ya kulipa. Tundu la bolti ya milimita 6 liwe la milimita 7 hivi, na kwenye kipande kirefu liwe limevutwa kuwa refu kidogo, isipokuwa moja la katikati linalokishika kipande mahali pake. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa kipande pasipungue unene wa bolti mara tatu, yaani milimita 18 kwa bolti ya 6. Kutoboa kuanzie upande wenye rangi, juu ya gundi ya karatasi, huku ubao ukiwa umeegemezwa nyuma. Ukingo wa tundu upakwe resini ili maji yasiingie kwenye nyuzi. Anayetoboa avae barakoa na miwani, maana vumbi lile ni kioo. Na watoto wasisimame karibu kutazama. Bolti zote ziingizwe kwa mkono kwanza, kisha zikazwe kidogokidogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Washa ikikataa kuzungushwa kwa vidole, ongeza robo mzunguko na uache. Spana ya mkono mrefu haihitajiki, na mashine ya upepo isikaribie kabisa. Baada ya wiki moja zikaguliwe tena, kwa sababu ya ule ulegevu niliowaeleza.

Likitokea la kutokea, mna haki. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo aliyoiuzia. Bolti iliyouzwa kwa jina la stenlesi lazima iwe stenlesi. Mkimweleza matumizi mnayokusudia na mkategemea ujuzi wake, inatakiwa iyafae matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu aina na ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Suala likiwa ni ubora wa bidhaa kwa viwango, Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, ndilo mahali pake.

Malalamiko husimama kwa ushahidi. Daini risiti ya EFD hata kwa bolti nane, na mwombe muuzaji aandike aina ya bidhaa. “Vifaa” ni neno lisilowasaidia. Bolti iliyoshika kutu au kukatika isitupwe wala isisafishwe. Tieni katika mfuko wa nailoni pamoja na nati na washa zake. Pigeni picha ya tundu kabla fundi mwingine hajaligusa. Wekeni yale makadirio ya maandishi pamoja na hivyo.

Juu ya meza ile kuna vipande vitatu vya faiba: kimoja kilifungwa kwa washa ya milimita 12, kingine kwa ya 25, na cha tatu kwa skrubu ya kichwa cha koni. Karibuni mvishike na kuvigeuza nyuma. Pembeni kuna bolti za A2, za zinki na za kromu zilizochanganywa makusudi, pamoja na sumaku ya kuzichambulia. Sumaku ni moja tu, tafadhali irudishwe mezani.